UZI: Kumfundisha mtoto mdogo habari za mimea nyumbani kwa makopo mawili

Mama Bustani (mwanzisha uzi)

Habari za humu, ndugu zangu wazazi na walezi. Wapo wazazi wengi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, ama kwa sababu bado hawajafikia umri wa kwenda shule, ama kwa sababu familia imeamua hivyo, na swali linalorudi kila mara ni kitabu gani kinunuliwe au bango gani libandikwe ukutani ili mtoto aijue mimea. Rai yangu ni kwamba kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, bango lenye mishale ya mzizi, shina, jani na ua linaweza kusubiri. Kinachopaswa kutangulia ni makopo mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja tu, na mtoto ambaye amekwisha kusema kwa kinywa chake anadhani nini kitatokea. Nitaeleza ninavyofanya na wanangu hapa Morogoro, na ninaomba wenye ujuzi waongeze na wasahihishe.

Mimi huanza na maharage makavu ya sokoni. Tunayaloweka usiku kucha, na asubuhi kila mtoto anapewa punje moja aivue ganda kwa kucha, kisha aitenganishe taratibu. Mbegu hugawanyika nusu mbili, na pembeni mwa nusu mojawapo, upande ule wenye kovu ambapo punje ilikuwa imeshikana na ganda la maharage, kuna kiinitete cheupe kilichojikunja. Ukikiangalia karibu na dirisha, na hasa ukiwa na kioo cha kukuzia, utaona ncha itakayokuwa mzizi na majani mawili madogo mno yaliyolaliana, yenye mishipa yake tayari. Mwacheni mtoto akiangalie kwa muda anaoutaka. Akishakiona, mwulizeni: ikiwa mmea wenyewe ni huu mdogo, zile nusu mbili kubwa ni za nini? Msimjibu. Chukueni mbegu nyingine zilizolowekwa, kisha baadhi yake ziondoeni nusu moja kwa uangalifu bila kukigusa kiinitete, na nyingine ziacheni nzima. Zipandeni katika makopo mawili yenye udongo uleule, mzipe maji yaleyale, na kuziweka mahali pamoja. Zile zilizopunguzwa huweza kuota, lakini miche yake huwa dhaifu na midogo kuliko ya wenzake. Mtoto akiiona tofauti hiyo huelewa bila kuambiwa kwamba mama mmea alimwekea mwanawe akiba ya chakula.

Jaribio la pili ni la glasi. Pangeni karatasi ya tishu kuzunguka ukuta wa ndani wa glasi, kisha muingize mbegu kati ya tishu na kioo, ili mtoto aone mzizi unapotoka na unakoelekea. Glasi moja ipate maji ya kulowesha tishu tu, na nyingine iachwe kavu. Ya tatu, ambayo ninaipenda zaidi, ijazwe maji hadi mbegu zizame kabisa na kubaki hivyo. Watoto wengi hudhani kwamba maji yakiwa mengi mbegu itafurahi zaidi, lakini zilizozama huoza na kutoa harufu kwa kukosa hewa. Hapo mtoto anajifunza kwamba mbegu nayo hupumua, na atakuwa na jambo la kukumbuka siku atakapokuta chungu cha maua kimejaa maji kwa sababu hakina tundu chini.

Jambo la mwanga linataka subira, kwa sababu hata watu wazima hulichanganya. Wekeni kopo moja la maharage dirishani na jingine kabatini mwenye giza. Waulizeni watoto, na wengi watasema kwamba ya kabatini hayataota. Yataota. Si hivyo tu, mara nyingi yatakuwa marefu kuliko yale ya dirishani, ila mashina yatakuwa membamba yenye kulegea na majani yatakuwa ya manjano iliyopauka. Mbegu ya maharage haihitaji mwanga ili iote. Inahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Mwanga unahitajika baadaye, pale akiba inapokaribia kwisha na mmea unapolazimika kujitengenezea chakula, na urefu ule wa kabatini ni jitihada ya mmea kuutafuta mwanga. Mkishalinganisha, hamishieni kopo la gizani dirishani na mwendelee kuliangalia: majani yataanza kugeuka kijani, kwa kuwa klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, sasa inaweza kutengenezwa. Mtoto aliyekuwa akisema kwamba mbegu inahitaji jua ili iote atajisahihisha mwenyewe, na jibu la namna hiyo halimtoki kichwani.

Ongezeni mahindi na mbaazi kando ya maharage. Maharage huinua nusu zake mbili juu ya udongo, na mtoto huziona zikikunjuka na baadaye kusinyaa. Punje ya mahindi hubaki chini. Mtoto atadhani amekwisha kujua kanuni, kwamba mbegu yenye nusu mbili hutoka nazo juu. Kisha mbaazi, ambayo nayo ina nusu mbili na ni ya ukoo mmoja na maharage, inaziacha nusu zake ardhini na kutoa shina tupu. Usikose kumwonyesha jambo hilo, maana kuvunjika kwa kanuni aliyojitungia mwenyewe kunamfunza zaidi ya kanuni yenyewe.

Mlezi wa Ghorofa ya Nne

Asante sana, Mama Bustani, uzi huu umekuja wakati mwafaka. Mimi niko Nairobi, ninaishi katika fleti isiyo na ua wala roshani, na nina dirisha moja tu la jikoni linalopata jua la asubuhi. Ninamlea mjukuu wa miaka mitano ambaye hana subira hata kidogo, na mbegu isipotokeza kesho yake huichimbua ili aone imefikia wapi. Tena mwezi wa Julai huku ni baridi, na mbegu huchukua muda mrefu. Je, kuna ninachoweza kufanya katika nafasi ndogo kama hiyo? Na mbegu ninunue kwenye maduka ya pembejeo?

Mama Bustani

Shikamoo, bibi yetu, na hongera kwa malezi. Nianze na mbegu, kwa sababu ni suala la usalama. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu, kijani au buluu ili zitambulike. Hizo si za kushikwa na mtoto, sembuse kutiwa kinywani. Chukueni nafaka na kunde za chakula kutoka sokoni, zile za mavuno ya karibuni, na mziepuke zilizotobolewa na wadudu.

Kwa mtoto asiye na subira dawa ni choroko. Zikilowekwa usiku na kuwekwa katika kitambaa chenye unyevu, kwa kawaida mzizi huchomoza ndani ya siku mbili au tatu, na kwa kuwa ziko juu ya sahani hapana haja ya kuchimbua chochote. Nanyi mnazo ndengu huko, ambazo ni choroko hizihizi.

Baridi ya Julai msiione kuwa kikwazo, igeuzeni kuwa swali. Wekeni sahani moja ya choroko ndani ya jokofu na nyingine juu ya kabati karibu na jiko. Lakini angalieni jambo hili kwa makini: ndani ya jokofu mna baridi na pia mna giza. Ikiwa ile ya karibu na jiko inapata mwanga, mtakuwa mmebadilisha vitu viwili, na hamtajua ni kipi kilichozizuia mbegu. Kwa hiyo ile ya nje ifunikwe kwa sanduku ili nayo iwe gizani. Mimi humwachia mtoto nafasi ya kuligundua kosa hilo mwenyewe kwa kumwuliza, "Taa ya friji inawaka mlango ukifungwa?" Mtoto wa miaka mitano ana uwezo wa kufikia jibu, na akifika atasimama imara kulitetea.

Kwa dirisha lenu dogo, tafuteni sanduku la viatu, mlitoboe tundu upande mmoja, na muweke ndani mche mchanga wa maharage ulio katika kikombe. Mche mwingine uwe katika sanduku lisilo na tundu. Ule wa kwanza utapinda kuelekea tundu. Charles Darwin na mwanawe Francis walichunguza jambo hili katika miche ya nyasi, na mwaka 1880 walitangaza kwamba sehemu inayohisi mwanga ni ncha: waliifunika ncha kwa kikofia kisichopitisha mwanga, na mche haukupinda, ingawa panapopinda ni chini ya ncha. Hicho kikofia kinaweza kutengenezwa kwa karatasi ya foili na kuwekwa juu ya mche wa mahindi uliochomoza karibuni, kabla jani la kwanza halijapenya. Ni kazi ya vidole vyepesi, kwa hiyo mtu mzima asaidie.

Kuna pia jani la chainizi, lile lenye bua jeupe pana. Likateni upya mwishoni na kulisimamisha katika maji yaliyotiwa rangi ya chakula nyekundu iliyokolea, na jingine katika maji matupu. Baada ya saa chache, au kufikia kesho yake, rangi itaonekana ikipanda katika mishipa ya jani. Likateni bua kwa kulikingama, na mtoto ataviona vitone vyekundu vilivyopangana: ndimo maji yalimopitia.

Mwana wa Pemba

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa makini, na ninaunga mkono kwamba majina ya sehemu za mmea yasubiri. Nataka kuongeza jambo ambalo watoto wengi wanaokula pilau hawalijui, nalo ni kwamba karafuu ni ua. Si mbegu wala tunda. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka, kisha likaanikwa juani. Watoto wetu hapa Pemba huliona wakati wa mavuno, lakini aliye mbali anaweza kuliona kwa karafuu ya kwenye mkebe jikoni. Ilowekeni katika maji ya vuguvugu hadi ilainike, kisha muipasue kile kichwa cha duara kilichoko juu. Vile vigamba vinavyofunika ni petali, yaani vijani vya ua, na ndani yake kuna stameni, yaani nyuzi za kiume za ua, nyingi nyembamba zilizojikunja, zikiwa zinangoja kufunguka ambako hakukutokea. Sehemu ndefu ya chini ndiyo ambayo ingekuwa tunda. Likiachwa mtini ua hufunguka, na tunda lake hujulikana kwa wakulima, lakini sokoni halina thamani ya karafuu.

Walio pwani wawapeleke watoto kwenye mikoko maji yakiwa yametoka. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado iko juu ya mti, na zile fimbo ndefu za kijani zinazoning'inia ni miche tayari. Ikianguka huweza kuelea mpaka ikapata tope la kushika mizizi. Baada ya mtoto kuwa amejua kwamba mbegu ya maharage ikizamishwa majini huoza, mwulizeni mkoko umefanya nini ili mwanawe asizame.

Bwana Shamba Mstaafu

Salaam kwenu nyote. Nimefanya kazi ya ugani kwa muda mrefu, na ninafurahi kuona wazazi wanafanya kwa watoto kile tulichojitahidi kukifanya kwa wakulima katika mashamba darasa, yaani ploti mbili zilizo bega kwa bega, mtu ajionee. Naomba kuongeza mambo matatu ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni idadi. Msiweke mbegu moja katika kila kopo. Mbegu moja inaweza kuwa mfu, na mtoto akahitimisha kwamba maji au mwanga ndio uliosababisha. Wekeni kumi kila upande. Mkulima anayetaka kujua ubora wa mbegu zake hufanya hivyohivyo: huhesabu mbegu, huzitandaza katika kitambaa chenye unyevu, kisha huhesabu zilizoota. Mtoto anapata sayansi na hesabu katika sahani moja, na anaanza kuzoea kusema "nane kati ya kumi" badala ya "zimeota" au "hazijaota".

La pili ni sumu, na hapa nasema kwa ukali. Mbegu za nyonyo, yaani mbarika, zina madoa mazuri yanayowavutia watoto, lakini zikitafunwa zinaweza kuua. Vivyo hivyo zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga shanga. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni husababisha madhara makubwa. Muhogo mchungu usitafunwe mbichi kwa hali yoyote. Kanuni ya nyumba iwe moja: mmea wa uchunguzi hautiwi kinywani, hata kama ni ule unaoliwa kila siku, na mikono huoshwa kwa sabuni kila baada ya kushika udongo na samadi.

La tatu ni mizizi. Pandeni kunde, na zinapofikia kutoa maua mwagilieni maji mengi, kisha mng'oe mche mmoja kwa koleo pamoja na udongo wake na kuuosha polepole katika beseni. Mtaona vifundo vidogo kwenye mizizi. Kipasueni kimoja kwa ukucha: kama ndani kina rangi ya waridi au nyekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea. Ng'oeni na mche wa mahindi uliokuwa kando yake, nanyi hamtaviona. Mtoto akiuliza kwa nini babu yake huchanganya kunde na mahindi shambani, mnalo jibu mkononi.

Mama Bustani

Mwalimu wetu, nimelipokea suala la mbegu kumi. Kwa heshima, nami nieleze jaribio la maboga, kwa kuwa ndilo lililowagusa wanangu kuliko yote, na linahitaji kipande kidogo tu cha ardhi.

Mboga, yaani mmea wa maboga, una maua ya kiume na ya kike katika mmea mmoja. Mwacheni mtoto ayatofautishe bila kuambiwa jina: moja limesimama juu ya kikonyo chembamba, jingine lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijafunguka. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kazi hii ni ya wanaoamka mapema. Jioni iliyotangulia, tafuteni maua mawili ya kike yanayokaribia kufunguka, ambayo ncha zake zimeanza kugeuka manjano, kisha myafunge taratibu kwa uzi ili nyuki wasiingie. Fungeni na la kiume pia. Asubuhi fungueni la kiume, mlichume, mng'oe petali zake, na mtoto aguse kile kijiti cha katikati aone unga wa manjano ukibaki kidoleni. Hiyo ndiyo chavua. Fungueni ua moja la kike, mtoto alipake chavua hiyo pale katikati, na mlifunge tena. La pili liachwe limefungwa. Baada ya siku kadhaa kiboga cha lile lililopakwa huendelea kukua, na cha lile lililonyimwa hugeuka manjano, hunyauka na kudondoka. Mafundisho ya kwa nini tunamhitaji nyuki yanaishia hapo.

Nikiwa na wanangu kwenye maua hayo huwaeleza habari za Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, alibuni njia ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba, jambo ambalo wataalamu wakubwa walikuwa hawajalipatia njia rahisi. Vanila inayolimwa Uganda na mkoani Kagera huchavushwa kwa mkono kwa njia hiyohiyo hadi leo. Mtoto anastahili kujua kwamba aliyeligundua jambo hilo alikuwa mtoto.

Kwa wasio na ardhi kabisa, jaribuni ubuyu. Usiwe ule wa kupakwa rangi na sukari, kwa kuwa huo umepikwa. Vunjeni tunda lenyewe. Mbegu za mbuyu zina ganda gumu sana. Nusu yake zisugueni kwa msasa upande mmoja mpaka rangi ya ndani ionekane, kisha mziloweke. Nusu nyingine zilowekwe bila kusuguliwa. Zipandeni katika makopo mawili na mngoje. Zilizosuguliwa kwa kawaida huota mapema zaidi na kwa wingi, kwa sababu maji yamepata mahali pa kupenya.

Mlezi wa Ghorofa ya Nne

Marahaba, mwanangu. Nimeweka sahani mbili za ndengu, na moja iko ndani ya friji. Nina maswali mawili ya mwisho. Mjukuu bado hajui kuandika, sasa kumbukumbu atazitunzaje? Na nitajuaje kwamba ameelewa, si kwamba anafurahia kucheza na maji tu?

Mama Bustani

Asiyejua kuandika achore, na mchoro wa kwanza uwe ule wa anachodhani kitatokea, uwekwe kando bila kusahihishwa. Kwa kupima urefu, kateni kipande cha utepe wa karatasi kinacholingana na mche, kila asubuhi, na akibandike kwa gundi katika karatasi kubwa, kimoja kando ya kingine. Baada ya muda mtakuwa na grafu aliyoitengeneza bila kujua tarakimu moja. Tumieni rangi moja kwa mche wa dirishani na nyingine kwa wa gizani. Mwenye miaka saba au minane atumie rula na daftari.

Kuhusu kuelewa, mimi simuulizi mtoto maswali ya kukariri. Ninampa tatizo jipya ambalo hatujawahi kulifanya na ninamwuliza angeweka makopo gani mawili. Kwa mfano, ninamwambia jirani anasema mchicha ukimwagiliwa maji yaliyooshewa mchele hukua vizuri zaidi. Tutajuaje kama ni kweli? Mtoto aliyeelewa atasema tunahitaji mchicha wa maji ya mchele na mchicha wa maji ya kawaida. Aliyeelewa zaidi ataongeza kwamba yawe maji ya kiasi kilekile. Nimesikia mwanangu mdogo akimkatalia kaka yake kwa sababu kopo moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, na hapo sikuwa na haja ya mtihani.

Bwana Shamba Mstaafu

Swali zuri na jibu zuri. Mvua za masika zikianza, jaribuni karanga katika dumu la plastiki linaloonyesha, lililokatwa juu na kutobolewa chini. Pandeni mbegu karibu kabisa na ukuta wa dumu, na mfunike nje kwa karatasi nyeusi inayoweza kufunuliwa. Ua la manjano huchanua juu ya ardhi, kisha likishachavushwa hutoa kikonyo kinachorefuka kwenda chini mpaka kinaingia udongoni, na ganda la karanga huumbika huko. Vikonyo vingine vizuieni kwa kuweka kipande cha kadibodi juu ya udongo upande mmoja wa mmea, ili visipenye, na upande wa pili muuache wazi. Leteni majibu humu mtakapovuna.

Mama Bustani

Tutaleta. Nimekwisha kuliweka dumu kando, na wanangu wanabishana ni upande upi uwekewe kadibodi.